Kidonge cha leo au kidonge cha Ijumaa: kuchagua namna ya kuishi na baridi yabisi hapa Moshi

Ukishaambiwa una baridi yabisi, nyumba inajaa wageni. Wa kwanza kuja kunijulia hali alileta mafuta ya simba kwenye kichupa cha marashi. Wa pili, mwalimu mwenzangu, alileta tangawizi na manjano, na sharti la kuvichemsha pamoja na kunywa kabla jua halijachomoza. Wa tatu hakuleta kitu, ila alisema wifi yake wa Sanya Juu alipona kabisa kwa sindano moja. Mama yangu mzazi alishuka kutoka Kibosho na jozi mbili za soksi za sufu, maana kwake jina la ugonjwa lilikuwa limeshasema kila kitu. Ni baridi, mtu atiwe joto.

Wote walikuja kwa mapenzi. Lakini hakuna aliyeniuliza swali ambalo sasa, mwaka wa sita, ndilo ninalomuuliza kila anayenipigia simu kuomba ushauri: unataka kupunguza maumivu au uchovu? Maana ni vitu viwili. Nimekuwa na siku ambazo vidole haviumi na bado nashindwa kuinuka kitandani, na siku ambazo vidole vinawaka moto lakini nafundisha vipindi vyote mpaka kengele ya mwisho. Na kibaya zaidi, baadhi ya vitu vinavyoondoa maumivu leo ndivyo vinavyoleta uchovu mwezi ujao. Hilo nililipia kabla ya kulielewa.

Kwa hiyo njia zote nilizowahi kuambiwa nichague nazipima hapa kwa maswali hayo mawili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari. Dozi yako ni ya daktari wako.

Kabla ya dawa, jina

Tuna neno moja, baridi yabisi, na tunalitupia kila goti linalouma. Hospitalini neno hilo linaweza kuwa mambo matatu. Kuna kusagika kwa viungo, kunakokuja na umri au kazi nzito: goti linauma ukitembea, ukikaa linatulia. Kuna jongo, linaloletwa na yuriki asidi, taka ya mwili inayozidi kwenye damu: mara nyingi huanza ghafla usiku kwenye kidole gumba cha mguu, chekundu, hata shuka ikigusa unapiga kelele. Na kuna hili letu, ambalo madaktari huliita rumatoidi athraitisi: kinga ya mwili, badala ya kupigana na wadudu, inashambulia utando laini ulio ndani ya maungio. Hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili, na asubuhi mikono hukakamaa saa nzima au zaidi. Linawapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na halisubiri uzee.

Mimi nilipimwa yuriki asidi kwenye maabara moja ya mtaani, nikaambiwa iko juu kidogo, nikakatazwa nyama na maharage mwaka mzima. Mchaga kukatazwa nyama Desemba, watu wote wamerudi nyumbani! Nilitii. Mwaka uleule vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kupinda, na mwandiko wangu ubaoni ukawa wanafunzi wananiuliza, "Mwalimu, hiyo ni tano au sita?"

Kama mikono yote miwili imevimba na wiki ya sita inapita asubuhi bado hufungi vifungo vya shati, usilipie tena kipimo cha yuriki asidi. Omba rufaa uonane na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Atataka vipimo vya damu: RF na anti-CCP vinavyotafuta alama za ugonjwa huu, ESR au CRP vinavyoonyesha mwili unawaka kiasi gani, na zaidi ya vyote atataka kuvishika vidole vyako kimoja kimoja. Ujue pia kwamba RF inaweza kusoma hasi na ugonjwa ukawepo. Haraka ina sababu: mfupa huanza kuliwa mapema, ndani ya miaka miwili ya mwanzo kwa wengi wasiotibiwa, na ukishaliwa haurudi.

Kidonge cha leo au kidonge cha Ijumaa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Dawa zote nilizowahi kupewa ninaziweka kwenye makapu mawili. Kapu la kwanza ni la kutuliza: panadol, ibuprofeni, diklofenaki, na pembeni yake prednisoloni. Kapu la pili ni la kuuzuia ugonjwa wenyewe: methotreksati, salfasalazini, haidroksiklorokwini. Kapu la kwanza unalisikia siku hiyohiyo. La pili husikii kitu wiki sita, nane, hata kumi na mbili, na hapo katikati ndipo wengi wanalitupa wakisema dawa ya hospitali haifanyi kazi.

Tuanze na diklofenaki, maana ndiyo inayopatikana kila duka la dawa kutoka Majengo hadi Pasua bila hata kuulizwa jina. Kwa maumivu, inafanya kazi. Sitakudanganya. Usiku nilioimeza nililala. Lakini haizuii ugonjwa hata kidogo. Vidole vinaendelea kuharibika huku havikuumi, kama paa linalovuja wakati umewasha redio kwa sauti kubwa. Kwa uchovu, sikiliza. Nilikuwa nikiinunua mwenyewe, mara mbili kwa siku, miezi mitano. Mwezi wa tano nikawa nahema kupanda ngazi saba za ofisi ya walimu. Nikajua ndiyo baridi yabisi hiyo, inachosha, kila mtu amesema. Kliniki daktari akaniuliza swali la aibu: choo chako kina rangi gani? Kilikuwa cheusi kama lami. Tumbo lilikuwa na kidonda kinachovuja damu polepole. Uchovu ule ulitoka kwenye bahasha yangu mwenyewe ya vidonge.

Kwa hiyo diklofenaki na ndugu zake ni za siku chache, baada ya chakula, si pamoja na ibuprofeni, na kama una presha, kisukari, figo au historia ya vidonda, usimeze kabla ya kumwambia daktari. Anaweza kukuongezea omeprazole ya kulinda tumbo, au akakupa ya kupaka. Ya kupaka inadharauliwa, lakini kwa kiungo kimoja kama kifundo cha mkono inasaidia, na sehemu kubwa yake haifiki tumboni. Panadol ni dhaifu kwa ugonjwa huu lakini haigusi tumbo. Tatizo lake ni kwamba vidonge vingi vya mchanganyiko vina panadol ndani, na mtu anazidisha bila kujua. Mtu mzima mwenye ini zima asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na hapo amefika ukingoni.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ni tamu. Siku ya tatu nilikamua nguo kwa mikono yangu, nikatoka uani kumwonyesha jirani. Kwa maumivu na uvimbe hakuna kinachoifikia kwa kasi, na hata uchovu unapungua mwanzoni. Kisha mashavu yakajaa, na kwetu mashavu yakijaa watu hawakuulizi unaumwa nini. "Mwalimu umenawiri! Maisha yamekukubali!" Nikawa nashukuru. Ndani, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua uimara, na kinga inalegea kiasi kwamba kikohozi kidogo kinakuwa kikubwa. Ukimeza jioni unakesha unahesabu mabati, na kesho yake uchovu uko palepale. Humezwa asubuhi baada ya kula. Na ukishaitumia wiki kadhaa huikatishi ghafla hata kidogo, kwa kuwa mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi ya kwake. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Ni daraja la kuvukia miezi ya mwanzo wakati dawa ya kapu la pili inashika. Watu hawajengi nyumba darajani, ingawa nawajua waliojenga, na sasa wanatibiwa mifupa.

Sasa kidonge cha Ijumaa. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Narudia kwa sauti ya darasani: kwa wiki, si kwa siku. Bahasha yangu ya kwanza, kutoka duka moja la dawa ambalo silitaji, iliandikwa kwa peni ya bluu "4x1". Kila Mtanzania anajua kusoma hiyo: vidonge vinne mara moja kwa siku. Daktari alikuwa amesema vinne, vya miligramu 2.5, kila Jumamosi. Nilisimama jikoni na glasi ya maji mkononi, nikakumbuka neno Jumamosi, nikaiweka glasi chini. Kuimeza dawa hii kila siku kwa siku chache tu kunaweza kuua: kunaharibu uboho unaotengeneza damu, mdomo unajaa vidonda, mwili unakosa kinga. Siku hizi bahasha ikitoka dirishani naomba mwenye peni aandike jina la siku, herufi kubwa, mbele ya macho yangu. Anaona nasumbua. Sawa.

Jumamosi ilinishinda kwa sababu Jumapili kichefuchefu kilinizuia kanisani. Tukahamia Ijumaa usiku kwa ruhusa ya daktari. Jumamosi nalegea, Jumapili niko kwenye benchi langu. Siku nyingine ya wiki nameza foliki asidi, inayopunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Mwanzoni damu hupimwa mara kwa mara, baadaye kila baada ya miezi mitatu hivi: ini, figo, chembe za damu. Mwanamke anayetaka mtoto, au anayeweza kushika mimba, lazima aseme kabla, maana dawa hii inadhuru mimba. Pombe inalemea ini lilelile linaloshughulika na dawa, kwa hiyo mbege ya msibani na harusini sasa naishika kata, naionjesha mdomo, naipitisha kwa anayefuata, na hakuna aliyekasirika. Na jambo ambalo wachache huambiwa: dawa ya Septrin, ambayo tunainunua kama pipi kwa kikohozi au mkojo, ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu vibaya. SP ya malaria iko kwenye familia hiyohiyo. Kila ukiumwa kitu kingine, taja dawa yako kabla hujapokea nyingine.

Kwa maumivu: polepole, lakini ndiyo pekee niliyomeza ambayo imezuia kidole cha tatu kisipinde. Kwa uchovu: mwezi wa nne niligundua nimesahihisha madaftari yote ya darasa la tano bila kulala mezani. Uchovu unapungua nyuma ya maumivu, kwa kuchelewa, na hauishi wote.

Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini ile chungu tuliyopewa utotoni, iliyoondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001. Ni laini zaidi, mara nyingi huongezwa juu ya methotreksati au hupewa mwenye ugonjwa mwepesi. Inataka macho yapimwe. Salfasalazini inaweza kumfaa anayetaka kushika mimba, asiyeweza kumeza methotreksati. Zipo pia sindano za kisasa ziitwazo biolojiki, kali kwelikweli, lakini bei yake ni ya kuuza ng'ombe na shamba, na kabla ya kuzianza lazima upimwe kifua kikuu. Uliza kama bima yako inazigusa kabla hujaziota.

Ukinibana nichague moja, nachukua kapu la pili siku ileile ya kwanza, na la kwanza naliazima tu. Kama miezi mitatu imepita na hakuna nafuu kabisa, usibadilishe hospitali; rudi kwa yuleyule aongeze au abadilishe dawa, ndivyo tiba hii inavyokwenda.

Mizizi, vikombe na vichupa

Tangawizi na manjano jikoni havina ubaya. Mimi natia kwenye mchuzi na chai. Vinapunguza kidogo? Labda. Havijazuia kidole kupinda kwa mtu yeyote ninayemjua.

Mafuta ya simba yalinuka. Kusugua kwenyewe kulisaidia, na mafuta ya nazi yanasuguliwa vilevile.

Ninachokiogopa ni vidonge vya "asili" visivyo na orodha ya vilivyomo, vile vinavyokuponya siku mbili tu. Siku mbili ni kasi ya steroidi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama lishe ya asili, na maabara ikakuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Yaani ni kapu langu la kwanza lote, limevikwa jani la kijani. Mtu akiacha ghafla anaanguka, kumbe alikuwa kwenye steroidi bila kujua.

Waliokuwa Arusha mwaka 2011 wanakumbuka misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mizizi ya mchungaji mstaafu aliyeitwa Babu, shilingi 500. Sibishani na imani ya mtu. Mwenye dawa ya imani yake na ainywe, ila kidonge cha Ijumaa kibaki Ijumaa.

Maji ya moto au barafu

Hili ni jepesi na halina gharama, lakini watu hulifanya kinyume. Mkono uliokakamaa bila kuwaka unataka joto. Kiungo kilichovimba, chenye moto ukikigusa, kinataka ubaridi.

Saa kumi na moja alfajiri namimina maji ya chupa ya chai kwenye beseni la plastiki, naongeza ya bomba, napima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto. Naingiza mikono yote miwili mpaka juu ya vifundo. Dakika ya kwanza haitokei kitu. Dakika ya tano kidole cha shahada kinakubali kugusa kiganja. Naendelea kukunja na kukunjua humohumo majini, moja, mbili, mpaka ngumi ikajifunga, dakika kumi hivi. Bila beseni, mikono hiyo inafunguka saa tatu, nikiwa tayari nina chaki.

Barafu: zile barafu za ubuyu za watoto kwenye friji, tatu, nazifunga kwa kitenge, naweka juu ya goti linalowaka dakika kumi hadi kumi na tano. Si moja kwa moja kwenye ngozi. Watoto wananidai.

Wanaotaka kwenda Chemka, kule Hai, kwa sababu jina linaahidi maji ya moto: nenda, ni pazuri, lakini maji yake ni ya vuguvugu tu. Faida niliyoipata ni kuelea. Magoti yalisahau uzito wangu kwa nusu saa.

Joto na ubaridi ni mambo ya maumivu. Kwa uchovu havifanyi mengi, isipokuwa vinakupa usingizi.

Kulala, kujikaza au kugawa

Uchovu wa ugonjwa huu si ule wa kulima. Wa kulima ukilala unaisha. Huu unaamka nao. Unatoka kwenye ugonjwa wenyewe, maana mwili unaopigana muda wote unamaliza nguvu kama mtu mwenye homa, na juu yake unaongezeka upungufu wa damu, usingizi uliokatwa na maumivu, na wakati mwingine sonona.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua namna ya kuishi nao, pima. Damu, kwanza. Wengi wanakimbilia vidonge vya kuongeza damu na juisi ya rozela. Kama chuma kimepungua kweli, vitasaidia, na kuacha kunywa chai pamoja na chakula kutasaidia pia, kwa kuwa chai hukizuia chuma kuingia mwilini. Ihamishe, uinywe saa moja au mbili baada ya kula. Lakini kuna upungufu wa damu unaoletwa na ugonjwa wenyewe, na huo hauondoki kwa chuma bali kwa kutuliza ugonjwa. Kipimo kinatofautisha, macho hayatofautishi. Kama huna hamu ya kitu chochote, unalia bila sababu, sema na hilo. Sonona inatibika na si udhaifu wa imani.

Baada ya hapo zinabaki njia tatu.

Ya kwanza, kulala. Familia inaipenda hii: "Mama pumzika, usiguse kitu." Kiungo kikiwa kimewaka, pumzika, ndiyo. Lakini nililala wiki mbili likizo ya Juni, na nilipoinuka mapaja yalikuwa yamelegea kama ndizi mbivu. Msuli usiotumika huisha haraka, na asiye na msuli anachoka kwa kusimama tu. Maumivu yalipungua, uchovu ukazidi.

Ya pili, kujikaza. Hii ndiyo yetu wanawake wa hapa. Jumamosi moja niliamka mikono mizuri, nikasema leo ni leo. Nikafua, nikapiga deki, nikamenya mkungu mzima wa ndizi za machalari, nikapanda Kibosho kumkatia mama majani ya ng'ombe. Jumapili nilihudhuria ibada kwa mwili tu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano sikwenda kazini. Siku moja nzuri iligharimu siku nne.

Ya tatu, kugawa, nayo ndiyo nimebaki nayo. Asubuhi nasoma mwili kama mita ya LUKU: leo kuna uniti ngapi? Kufundisha kunakula hivi, kupanda daladala hivi, kupika hivi. Sifui na kupiga deki siku moja. Nafanya dakika ishirini, nakaa kabla sijachoka, nainuka tena. Neno hilo "kabla" ndilo gumu, kwa kuwa siku nzuri hutaki kukaa. Mapumziko ya saa nne, wenzangu wakinywa chai, naegemea kiti dakika kumi na tano macho yamefungwa. Mwanzoni walicheka. Nikamweleza mwalimu mkuu wazi ugonjwa wangu ni nini; akanipangia vipindi vizito katikati ya asubuhi badala ya cha kwanza, mikono ikiwa imeshafunguka. Nilikaa mwaka mzima bila kumwambia, nikidhani nitaonekana mvivu. Uchovu hauna uvimbe wa kumwonyesha mtu.

Ndani ya kugawa kuna kutembea, na hili watu hawaliamini: mwendo unapunguza uchovu. Mwaka 2013 Cochrane, wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walitoa uchambuzi wa njia zisizo za dawa kwa uchovu wa ugonjwa huu. Mazoezi ya mwili yalionekana kusaidia, si sana, lakini kweli, na msaada wa kisaikolojia vilevile. Mimi nilianza na dakika kumi chini ya miti ya Shanti Taun, jioni jua likiwa limepoa, viatu vya raba. Sasa ni nusu saa, siku tano kwa wiki. Siku goti limewaka siendi. Kipimo changu: nikirudi, saa mbili zikapita na bado naumwa zaidi, nilizidisha, kesho napunguza.

Mikono: kujitengenezea au KCMC

Mengi unaweza kujifanyia. Mfuko wa soko nauning'iniza kwenye mkono karibu na kiwiko, si kwenye vidole. Mpini wa kisu na mwiko nimeuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ukanenepa, maana kitu kinene hakihitaji kubanwa kwa nguvu. Nguo sikamui kwa kusokota. Naizungusha kwenye bomba na kuvuta, au naiacha ichuruzike. Mfuniko wa chupa ya chai naufungua kwa kiganja na kitambaa chenye maji. Ndoo kichwani nimeacha, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuingia hata kwenye shingo. Kukamua ng'ombe kwa mama nako nimemwachia mpwa wangu. Hakuna mwendo uliowahi kuniliza kama ule wa kuvuta chuchu kwa kidole gumba.

Lakini kuna kimoja usijitengenezee: kishikizo cha kifundo cha mkono. Nilinunua bandeji ya kuvutika nikaikaza, vidole vikafa ganzi. Sisi wa huku tuna bahati tusiyoitumia. KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, haina madaktari tu. Pana vyuo vya mazoezi tiba na tiba kwa vitendo, na TATCOT, chuo kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vishikizo. Mtu wa tiba kwa vitendo aliniketisha, akaniambia, "Mwalimu, nionyeshe unavyoshika chaki." Hakuniuliza wapi panauma. Akanifundisha kuishika kwa kishikio kinene, akanipimia kishikizo cha kulalia na kingine chepesi cha kazini. Maumivu ya usiku yalipungua, nikalala, na usingizi ule ulinipa uniti nyingi kuliko kidonge chochote cha vitamini.

Foleni ya rufaa ni ndefu, sikatai. Ninavyofanya: kwa mpango wa tiba na mikono naenda kwenye rufaa; vipimo vya damu vya kila miezi mitatu nafanyia hospitali iliyo karibu, na nabeba majibu kwenye daftari.

Mlimani au tambarare

Kila Juni ukungu ukishuka, mtu ananiambia nihamie Kahe au Same kwenye jua. Wa Arusha wanaambiwa hivyohivyo, na kwao ni baridi zaidi ya hapa mjini. Ni kweli asubuhi za baridi mikono hukakamaa zaidi. Lakini baridi haileti ugonjwa huu, na jua haliuondoi; unawapata watu wa Dar es Salaam wanaolala na feni. Kuhama kungenipa asubuhi laini kidogo, na kungeninyima mpwa anayekamua, jirani anayekamua nguo, na kliniki iliyo safari moja ya daladala. Kwa maumivu ningepata kidogo. Kwa uchovu ningepoteza sana. Nimebaki.

Mama bado ananiletea soksi za sufu kila Juni. Nazivaa. Zina joto.